Kabla hujamtoa mgonjwa wa pafu wodini ukamfuatilie nyumbani kwa simu

Siku hizi mtu akishafanyiwa upasuaji wa pafu halazwi muda mrefu. Mrija wa kifuani ukitolewa, picha ya eksirei ikiridhisha na akaweza kwenda chooni mwenyewe, anaruhusiwa. Familia ndiyo inakabidhiwa kazi ambayo jana ilikuwa ya muuguzi: kupima oksijeni, mapigo na joto, kuandika, kutuma kwa simu. Si kazi ngumu. Ina mitego tu, na mingi yake inateguliwa mkiwa bado hospitalini.

Vifaa kwanza, hapa sichelewi. Oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni ya damu kwa asilimia, kipimajoto, saa yenye mshale wa sekunde, betri za akiba, pawabenki iliyojaa, bando la intaneti na dakika za kupiga. Daftari, na kalamu uifunge kwa uzi kwenye hilo daftari, la sivyo watoto wataondoka nayo. Kama mmepewa kifaa kinachotuma vipimo chenyewe kwenye programu ya simu, kiunganisheni palepale wodini mbele ya muuguzi, kwenye simu itakayoshinda na mgonjwa. Si simu ya kijana anayetoka kwenda kazini alfajiri.

Oksimita uliyonunua usiifungulie nyumbani. Ipeleke wodini, mpime nayo mgonjwa huku mashine yao ikiwa kwenye kidole kingine cha mkono huohuo, kisha linganisha. Ikipishana kwa namba moja au mbili, sawa. Ikipishana kwa tano, irudishe dukani. Andika namba zake za siku ya kuruhusiwa akiwa amekaa, halafu andika za baada ya kutembea kidogo kwenye korido. Mapafu yaliyochoka huweza kusomeka vizuri kitandani na kuumbuka hatua ya ishirini.

Kile kifaa hupitisha mwanga wa aina mbili kidoleni na kupima damu imemeza kiasi gani cha kila mmoja. Kwa hiyo piko, hina, rangi ya kucha na kucha za kubandika zote zinakivuruga, na kidole cha baridi vilevile. Pasha mkono moto, tulia dakika tano, subiri namba iache kurukaruka ndipo uandike. Na ngozi yetu nayo ina neno. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha kwamba kati ya wagonjwa ambao oksimita iliwasomea 92 hadi 96, waliokuwa chini ya 88 damu ya ateri, mshipa utokao moyoni, ilipopimwa walikuwa karibu asilimia 12 kwa weusi, na karibu asilimia 4 kwa weupe. Kifaa kinaweza kumpamba mtu mweusi. Ukiona 94 na mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, amini macho yako.

Sasa hili la zamu. Keti nikueleze.

Shemeji yangu alitolewa sehemu ya juu ya pafu la kulia. Kifua kikuu cha miaka ya nyuma kilikuwa kimemwachia tundu, tundu likaota kuvu, akawa anakohoa damu. Upasuaji ulikwenda salama, akarudi nyumbani Tabata, na hospitali ikafungua grupu la WhatsApp: daktari, wauguzi, mgonjwa na dada yangu. Asubuhi na jioni dada anatuma namba, muuguzi anajibu kwa dole gumba. Raha mustarehe. Ijumaa jioni oksijeni 95, mapigo 98. Jumamosi asubuhi 94, mapigo 108, na dole gumba halikuja. Usiku 91, mapigo 122, joto 38.4. Dada akatuma, tiki mbili za kijivu. Akatuma ujumbe wa sauti. Kimya. Sebuleni watu wanasemezana: wameshaona hao, ingekuwa mbaya wangepiga. Basi ule ukimya ukawa ndiyo jibu la daktari.

Aliyetuokoa ni mama, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwa akiingia chumba kile. Aliingia. Akaona ngozi ya shingo inavyodidimia kila mkwewe akivuta hewa, akasema, "Huyu anapumua kwa nguvu zake zote. Iteni gari." Ilikuwa nimonia kwenye sehemu ya pafu iliyobaki. Alipona, tunashukuru. Baadaye ndipo tukaambiwa grupu lile husomwa siku za kazi tu, hadi alasiri. Hakuna karatasi iliyoandikwa hivyo.

Kwa hiyo usitoke getini hujauliza: namba hizi anasoma nani? Kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Jumamosi usiku je? Nipe namba ya simu ya wodi inayopokelewa, na uipige hapohapo usikie inalia wapi. Daktari akuandikie mipaka ya mgonjwa wako: oksijeni ikishuka hadi wapi mpige, ikishuka hadi wapi mje bila kupiga. Wengi huwekewa 92 au karibu na hapo, ila mwenye mapafu mabovu ya tangu zamani huenda akapewa namba yake. Na mjue hospitali gani ya karibu ina oksijeni na daktari usiku. Bandika vyote ukutani.

Mapigo yaandikie safu yake. Kwa shemeji yalikuwa yanapanda tangu Alhamisi, macho yote yako kwenye oksijeni. Hesabu na pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia, maana akijua anahesabiwa atazibadilisha. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20.

Kidonda kipigwe picha mchana, karibu na dirisha. Dawa ya maumivu anywe kwa saa zake, kwani asiyekohoa kwa kuogopa maumivu anafuga makohozi. Damu kwenye makohozi, mguu mmoja kuvimba, ngozi ya kifua kufura na kuchakarisha ukiibonyeza, pumzi kukata ghafla: hapo daftari liache, nendeni. Jiko la mkaa litoke nje. Mvuta sigara akavutie mbali. Wenye mafua wasalimie kwa simu. Asibebe ndoo, asipande ndege bila ruhusa ya daktari, na kama mnatumia bima, ulizeni mapema kama simu ya video na daktari inalipiwa.