Jinsi ya kushika rimoti ya droni ili mawasiliano yasikatike ziwani

Msimu wa harusi ukianza hapa Kigoma, vijana wanaorekodi video hunipigia na swali lile lile: "Kaka, droni yangu inakata picha ikifika mita mia nne tu, ninunue antena nyingine?" Kabla hujatoa hela, tuangalie kwanza unavyoishika rimoti.

Mimi nilijifunza hili Kibirizi. Nilikuwa narekodi mitumbwi ya dagaa ikirudi alfajiri, nimeinyooshea droni ncha za antena zote mbili, kama mtu anayeonyesha kitu kwa kidole. Picha ikaanza kuganda, ikakatika vipande vipande, halafu kioo kikawa cheusi. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa aliacha kazi yake akaja kusimama pembeni yangu, tukawa tunatazama maji bila kusema neno mpaka tuliposikia mlio. Droni ilikuwa imejirudisha yenyewe. Betri ilibaki asilimia 19.

Hatua ya 1: Elewa antena inatoa mawimbi upande gani

Fikiria tyubulaiti ya dukani. Mwanga wake hutoka ubavuni, urefu wote wa ile tyubu. Ukikaa usawa wa kizibo cha mwisho, huupati. Antena za rimoti nyingi ziko hivyo hivyo: nguvu iko ubavuni, na nchani karibu hakuna kitu. Ukielekeza ncha kwa droni, umeipa upande ulio dhaifu kuliko zote.

Hatua ya 2: Ipe droni ubapa (ubavu) wa antena

Droni ikiwa mbali mbele yako, simamisha antena zote mbili wima, sambamba, zisipishane kama mkasi. Watu wengi hushika rimoti imelalia mbele ili waone kioo vizuri, na antena nazo zinalala zikiitazama droni. Acha rimoti ilale unavyopenda, lakini zirudishe antena nyuma mpaka zisimame kama nguzo.

Droni ikiwa juu ya kichwa chako, mambo yanageuka: antena wima sasa inaielekezea ncha. Zilaze, ubapa utazame angani, au sogea hatua thelathini nyuma. Ndiyo maana picha za kutoka juu kabisa ya ukumbi wakati mwingine zinakwama ingawa droni iko mita 60 tu.

Kama antena za rimoti yako zimefichwa ndani, soma kitabu chake ujue zimewekwa wapi. Kwa nyingine zimo kwenye kile kishikio cha simu, kwa hiyo ukikifunika kwa viganja unaziziba mwenyewe.

Hatua ya 3: Geuka na mwili wako

Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi haya ya GHz 2.4 na 5.8, yaani masafa ambayo rimoti nyingi huzungumza na droni. Droni ikizunguka nyuma yako, usigeuze shingo peke yake. Geuka mzima, rimoti iwe usawa wa kifua, viwiko vimeachana kidogo na mbavu. Simu nyingine iliyo mfukoni izimie waifai na hotispoti, maana nazo hutumia masafa hayo hayo.

Hatua ya 4: Chagua pa kusimama

Hapa ndipo Kigoma inapotaka akili. Mji wetu ni vilima na ghuba. Ukisimama ufukweni mjini ukaipeleka droni nyuma ya rasi ya Bangwe, hakuna antena itakayokuokoa, kwa sababu mlima hautobolewi. Na michikichi nayo si ya kudharau. Makuti mabichi yamejaa maji, na shamba zima likiwa kati yako na droni mawimbi yanafifia kabla hayajafika. Nikiwa na kazi mashambani upande wa Mwandiga, hutafuta kichuguu au ukingo wa barabara ulioinuka, nikatoka kabisa chini ya miti. Usisimame chini ya paa la bati wala ukiegemea gari.

Tena kuiona tu droni haitoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi wazi kuzunguka ule mstari wa macho. Kwa GHz 2.4 na umbali wa kilomita 1, nafasi hiyo katikati ya safari ni kama mita 5 na nusu kila upande wa mstari. Kwa hiyo droni inayopita mita 2 juu ya maji inaonekana vizuri kabisa, huku ziwa limekula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Ipandishe mita 30. Hata vihisi vyake vya chini hupotoshwa na mawimbi ya maji ukiruka chini sana.

Kumbuka pia kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo. Hatua mia ulizosogea kwa miguu zina faida.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kazi

Peleka droni mita 300 mahali peupe, iache itulie. Shika rimoti sawasawa, soma alama za mawasiliano kwenye kioo. Sasa inyooshee ncha za antena, hesabu mpaka kumi, usome tena. Rudia ukiwa umeipa mgongo. Ukiziona zinashuka kwa macho yako, hutashika vibaya tena.

Hatua ya 6: Panga urefu wa kurudi

Huu ni urefu ambao droni hupanda kabla ya kujirudisha yenyewe mawasiliano yakikatika. Uweke kabla ya kuruka. Ufukweni mimi huweka mita 60, kwenye vilima napima kwanza kilele kilicho kati yetu. Picha ikikatika, usianze kusukuma vijiti ovyo. Geuka uitazame ilikokuwa, simamisha antena, inua rimoti juu ya kichwa, subiri. Mara nyingi picha hurudi hapo hapo.

Haya yote ni ya kuruka ndani ya upeo wa macho, ukiwa na kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), mbali na uwanja wa ndege. Gombe ni hifadhi ya taifa. Bila ruhusa ya TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, droni ibaki kwenye begi.