Kuandaa SQLite Ndani ya Programu ya Duka Ili Mauzo Yasipotee Stima Ikikatika

Programu ya mauzo ya duka moja, liwe la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga au la simu pale Luthuli Avenue, haihitaji seva ya hifadhidata. Inahitaji hifadhidata inayoishi ndani ya programu yenyewe, yaani maktaba inayosoma na kuandika faili moja kwenye diski ya kompyuta ile ile, bila nenosiri la seva na bila fundi wa kuiamsha kila asubuhi. SQLite, ambayo D. Richard Hipp aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia bila leseni, ndiyo chaguo la kawaida kwa kazi hii, na huja pamoja na Python. Miongozo mingi huipanga SQLite kwa ajili ya kasi. Keshia wa Nairobi, ambaye stima inaweza kumpotea katikati ya foleni ya wateja, ana haja tofauti: kila risiti iliyokwisha kuchapishwa lazima iwe na kumbukumbu yake kwenye diski.

Anza na mahali pa kuweka faili. Usiiweke katika folda ya programu yenyewe, kwa sababu Windows huzuia uandishi huko na usakinishaji mpya unaweza kuifuta. Tumia folda ya data, kama vile ProgramData kwenye Windows au /var/lib kwenye Linux. Vilevile usiiweke kwenye folda inayoshirikishwa kupitia mtandao wa duka, wala kwenye ile inayojipakia yenyewe hadi hifadhi ya mtandaoni. Hali ya uandishi tutakayoiwasha hutegemea kumbukumbu ya pamoja ambayo kompyuta mbili haziwezi kugawana, kwa hiyo duka lenye kaunta mbili liendeshe programu kwenye kompyuta moja tu, na ile ya pili iifikie kwa kivinjari.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Mipangilio mingi ya SQLite, ambayo huwekwa kwa amri za PRAGMA, haihifadhiwi ndani ya faili, bali hudumu kwa muda ambao muunganisho uko wazi, na muunganisho mpya huanza tena na mipangilio ya awali. Kwa sababu hiyo, programu nzima iwe na kitendakazi kimoja tu cha kufungua hifadhidata, na sehemu nyingine yoyote ya msimbo ikatazwe kufungua kivyake:

```
import sqlite3

def fungua(njia):
    m = sqlite3.connect(njia, isolation_level=None)
    m.execute("PRAGMA busy_timeout = 5000")
    hali = m.execute("PRAGMA journal_mode = WAL").fetchone()[0]
    if hali != "wal":
        raise RuntimeError("WAL haikuwashwa: " + hali)
    m.execute("PRAGMA synchronous = FULL")
    m.execute("PRAGMA foreign_keys = ON")
    return m
```

Amri ya busy_timeout huiambia SQLite isubiri hadi milisekunde 5000 ikikuta mwandishi mwingine ameshika kufuli, badala ya kurudisha kosa papo hapo. Amri ya foreign_keys huwasha ukaguzi wa mahusiano kati ya majedwali, ambao kwa kawaida huwa umezimwa. Bila huo, mtu anaweza kufuta bidhaa na kuacha mauzo yake yakielekeza kwa kitu kisichokuwepo. Ukaguzi huu hauwezi kuwashwa katikati ya muamala (kundi la amri zinazofanikiwa zote pamoja au kufutwa zote pamoja), na ukijaribu hutaonyeshwa kosa lolote, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuumalizia pale pale mlangoni.

WAL (Write-Ahead Log), ndiyo ile hali ya uandishi iliyotajwa mwanzoni, iliyoongezwa katika toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, hubadilisha njia ya kuandika. Mabadiliko hayaingii moja kwa moja katika faili kuu. Huandikwa kwanza mwishoni mwa faili ya pembeni, kama keshia anayejaza daftari la kaunta mchana na kulihamishia kwenye leja baadaye. Faida yake ni kwamba ripoti ndefu ya mwenye duka haimzuii keshia kuuza. Msimbo hapo juu unakagua jibu la amri kwa sababu WAL ikishindikana, SQLite hurudisha tu jina la hali ya zamani bila kulalamika.

Sasa tuje kwenye synchronous, mpangilio unaoamua ni lini SQLite hulazimisha diski kuandika. Ushauri unaoenea ni kuiweka NORMAL ukishawasha WAL, na kwa programu nyingi ushauri huo ni sawa, kwa kuwa faili haiharibiki. Hata hivyo, katika hali hiyo SQLite hailazimishi diski kuandika kila muamala unapokamilika, hivyo stima ikikatika, miamala ya mwisho inaweza kurudi nyuma kana kwamba haikufanyika. Kwa orodha ya makala zilizosomwa, si neno. Kwa mteja aliyekwisha lipa na kuondoka na risiti mkononi, ni hasara na ugomvi. FULL hulazimisha uandishi katika kila muamala, na gharama yake haionekani mahali ambapo keshia anauza mara chache kwa dakika. Sioni sababu ya duka kuchagua vinginevyo.

Mpangilio huo hauna maana ikiwa programu inachapisha risiti kabla ya kukamilisha muamala. Mfuatano sahihi ni huu:

```
m.execute("BEGIN IMMEDIATE")
try:
    andika_mauzo(m, kikapu)
    punguza_stoki(m, kikapu)
    m.execute("COMMIT")
except Exception:
    if m.in_transaction:
        m.execute("ROLLBACK")
    raise
chapisha_risiti(kikapu)
```

Neno IMMEDIATE halipo kwa mapambo. Muamala wa kawaida huanza kama msomaji, na ukitaka kuandika baada ya mwingine kuwahi, SQLite hukataa mara moja bila kujali muda wa kusubiri uliowekwa. Ukiomba haki ya kuandika tangu mwanzo, unasubiri zamu yako kwa utaratibu.

Majedwali yaandikwe kwa ukali. SQLite kwa kawaida hukubali maandishi ndani ya safu ya namba, lakini tangu toleo la 3.37.0 la mwaka 2021 neno STRICT mwishoni mwa jedwali hukomesha tabia hiyo:

```
CREATE TABLE mauzo (
    id INTEGER PRIMARY KEY,
    bidhaa_id INTEGER NOT NULL REFERENCES bidhaa(id),
    idadi INTEGER NOT NULL CHECK (idadi > 0),
    bei_senti INTEGER NOT NULL,
    simu TEXT,
    wakati INTEGER NOT NULL
) STRICT;
```

Bei ihifadhiwe kwa senti, ili shilingi 149.50 iwe 14950 na hesabu za desimali zisilete tofauti ndogo ndogo zinazomsumbua mhasibu. Namba ya simu iwe maandishi, kwani ukiiweka kama namba sifuri ya mwanzo hupotea. Wakati uhifadhiwe kwa sekunde za saa ya UTC (saa ya kimataifa), na saa tatu za Nairobi ziongezwe unapotengeneza ripoti: date(wakati, 'unixepoch', '+3 hours'). Duka linalofungwa jioni halitaona tofauti, lakini kituo cha petroli kinachouza usiku kucha, kikisahau nyongeza hiyo, kitahesabu mauzo yote ya kabla ya saa tisa usiku katika siku iliyotangulia.

Muundo wa majedwali utabadilika, kwa hiyo tumia PRAGMA user_version, namba iliyomo ndani ya faili na inayoanza na 0. Programu inapowaka, isome namba hiyo, itekeleze mabadiliko yanayokosekana na kuiongeza, yote ndani ya muamala mmoja, ili hitilafu ya katikati irudishe kila kitu kama kilivyokuwa.

Nakala za akiba zinastahili uangalifu, kwa maana hapa ndipo watu hupoteza data huku wakiamini wameilinda. Programu ikiwa inaendeshwa, folda huwa na mauzo.db, mauzo.db-wal na mauzo.db-shm. Faili ya -wal ni sehemu ya hifadhidata: SQLite huhamishia yaliyomo kwenye faili kuu ikifikia takriban kurasa 1000, ambazo kwa ukubwa wa kawaida wa baiti 4096 ni kama megabaiti 4, na kwa duka dogo hayo yanaweza kuwa mauzo ya siku nzima. Anayenakili mauzo.db peke yake kwenye flash jioni huenda amebeba duka lisilo na mauzo ya leo. Anayefuta -wal baada ya stima kurudi, akidhani ni takataka, anafuta kile ambacho SQLite ingekitumia kurejesha mauzo hayo. Badala ya kunakili kwa mkono, acha programu itoe amri hii:

```
VACUUM INTO 'D:/akiba/mauzo-2025-03-14.db';
```

Faili inayolengwa isiwepo tayari. Baada ya hapo ifungue nakala hiyo na uendeshe PRAGMA integrity_check. Jibu linalotakiwa ni ok.

SQLite ya kawaida haina nenosiri wala usimbaji fiche. Ikiwa unahifadhi majina na namba za simu za wateja, unahusika na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hivyo punguza haki za kuifikia folda hiyo, washa usimbaji fiche wa diski nzima, na uzijumuishe flash za akiba katika ulinzi huo.

Kabla ya kukabidhi programu, ijaribu kwa kukata umeme kwelikweli. Kuua programu peke yake hakutoshi, kwa sababu mfumo wa kompyuta bado utamalizia uandishi uliobaki, na laptopu nayo ina betri. Tumia kompyuta ya mezani, andika msimbo mfupi unaouza mfululizo na kuchapisha namba za risiti kwenye kompyuta nyingine, kisha chomoa waya wa umeme. Ukiwasha tena, linganisha namba ya mwisho iliyochapishwa na mstari wa mwisho wa jedwali la mauzo. Mstari ukikosekana, kagua kwanza kama kuna sehemu ya msimbo inayofungua hifadhidata bila kupitia fungua(). Ikiwa haipo, shuku diski, maana zipo zinazodai kuwa zimeandika ilhali data bado imo katika kumbukumbu yao ya muda, na dawa ya hiyo ni diski nyingine au UPS (betri ya dharura) chini ya kaunta.