Sproketi Ndogo ya Mbele: Jinsi ya Kuibadilisha Mwenyewe Nyumbani

Sproketi ya nyuma ya pikipiki, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, iko wazi kwa kila mpita njia, ila ya mbele imejificha ndani ya kava iliyo upande wa kushoto wa injini, na kwa kuwa haionekani, wenye pikipiki wengi huisahau hata pale wanapotoa pesa kununua cheni mpya. Hata hivyo, ndiyo inayoumia zaidi. Ikiwa ya mbele ina meno 14 na ya nyuma ina meno 42, ile ndogo huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja, kwa hiyo kila jino lake hukutana na cheni mara tatu wakati jino la nyuma limekutana nayo mara moja. Hapa Malindi huongezeka mchanga wa njia za kushukia baharini na unyevu wa chumvi unaoletwa na upepo wa kusi, navyo vikichanganyika na grisi ndani ya kava hiyo huwa msasa unaosugua chuma mchana kutwa.

Nimelipa gharama ya kutolijua jambo hili. Nilifungiwa cheni mpya na fundi ambaye hakuifungua kava ya mbele, nami sikumwambia aifungue. Haikupita miezi miwili, nikitoka Mambrui na magunia mawili ya nazi, nikalivuka daraja la Sabaki, na pale nilipoongeza mafuta nipande upande wa pili, cheni ikaanza kuruka meno kwa kishindo. Niliisukuma pikipiki hadi penye kivuli na nikafungua kava mwenyewe: meno ya sproketi yalikuwa membamba na yamepinda kama ndoana, na cheni niliyoinunua juzi ilikuwa imekwisha kuvutika kwa kufuata umbo la meno yale mabovu. Tangu siku ile kazi hii naifanya kwa mikono yangu, uani, na maelezo haya yanahusu pikipiki za CC 100 hadi 150, zile zinazobeba abiria na mizigo katika mji wetu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kuwa kweli sproketi imekwisha. Jino zima lina pande mbili zinazolingana na ncha iliyo butu kidogo, wakati jino lililochakaa limeliwa upande mmoja na ncha yake imechongoka. Cheni nayo ipime kwa rula, usiikadirie kwa macho. Pikipiki nyingi za ukubwa huu hutumia cheni ya nambari 428, ambayo umbali wa kutoka pini moja hadi inayofuata ni milimita 12.7, kwa hiyo hatua ishirini za cheni mpya, yaani kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya ishirini na moja, ni milimita 254. Ivute cheni isilegee unapopima. Ukikuta imefika 259, imekwisha kuvutika karibu asilimia 2, na kuiwekea sproketi mpya ni kuitupa sproketi hiyo. Katika hali kama hiyo nunua seti kamili, yaani cheni na sproketi zote mbili. Sproketi ya mbele peke yake ibadilishwe tu ikiwa cheni bado ni nzima, au ikiwa unataka kubadilisha idadi ya meno.

Suala la idadi ya meno linastahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu vijana wengi hulifanya kwa kusikia tu. Gawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele: 42 kwa 14 ni 3, 42 kwa 15 ni 2.8, na 42 kwa 13 ni takriban 3.23. Namba ikipungua, injini huzunguka kwa utulivu zaidi katika mwendo uleule, jambo linalomfaa anayesafiri mara kwa mara kwenye lami ya kwenda Gede hadi Kilifi akiwa peke yake, lakini pikipiki huwa nzito kuondoka na hushindwa mapema ikiwa na mzigo. Namba ikiongezeka, pikipiki hupata nguvu ya kuvuta kwenye mchanga na vilima, kama njia ya kwenda Marafa, ila injini hulalamika kwenye lami. Jino moja la mbele huleta badiliko sawa na karibu meno matatu ya nyuma, kwa hiyo usizidishe wala usipunguze zaidi ya jino moja. Kwa anayebeba abiria wawili na madumu ya maji, ushauri wangu ni kubaki na idadi iliyotoka kiwandani. Wanaoweka sproketi kubwa zaidi ya mbele kwa kutafuta mwendo huishia kuendesha kwa gia ya tatu muda wote, na klachi ndiyo inayoumia.

Unapokwenda duka la spea, chukua sproketi ya zamani mkononi. Jina la pikipiki pekee halitoshi, maana shafti, yaani mhimili unaotoka kwenye injini na kuvikwa sproketi, katika pikipiki za Kichina huja kwa vipimo viwili vilivyozoeleka, milimita 17 na milimita 20, na sproketi hizo kwa mbali hufanana kabisa. Zilaze moja juu ya nyingine, uangalie tundu la katikati, unene, matundu ya bolti na idadi ya meno. Ikiwa pikipiki ndiyo usafiri wako wa kwenda dukani, basi fungua kava siku moja kabla, upime na upige picha, kisha urudishe.

Vifaa si vingi: spana au soketi za namba 8, 10, 12 na 14, spana kubwa inayolingana na nati ya ekseli ya nyuma, koleo yenye mdomo mwembamba, bisibisi bapa, mswaki mkuukuu, mafuta ya taa kidogo, grisi na vitambaa. Tafuta sakafu ngumu iliyo sawa. Ikiwa uani kwenu ni mchanga mtupu, weka ubao imara chini ya stendi kubwa ili isizame, na utandike turubai pembeni, kwa kuwa bolti ndogo ikiangukia mchangani hutaiona tena, na ikionekana itakuwa imebeba punje zitakazoharibu nyuzi.

Injini iwe imezimwa, imepoa, na ufunguo umetolewa na kutiwa mfukoni. Nalisema hili kwa uzito. Desturi ya kusafisha cheni huku injini ikizungusha gurudumu kwenye stendi imewakata watu vidole, kwa sababu kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi huvuta mkono kwa kasi ambayo hakuna awezaye kuishinda. Gurudumu lizungushwe kwa mkono tu, gia ikiwa huru, na vidole vikae mbali na mahali cheni inapoingia kwenye meno.

Anza na pedali ya gia. Kwa msumari au rangi, weka alama inayopita kwenye pedali na kwenye shafti yake, ili uirudishe katika pembe ileile, kisha itoe bolti yake yote, kwani katika pikipiki nyingi bolti hiyo hupita kwenye mfereji wa shafti na pedali haichomoki ikiwa imebaki hata nusu. Baada ya hapo fungua bolti za kava. Zikiwa za urefu tofauti, zipange kwenye kipande cha karatasi ngumu kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Ndani utakuta tope jeusi la grisi na mchanga. Likwangue kwa bisibisi, kisha usugue kwa mswaki wenye mafuta ya taa, lakini uwe mwangalifu na waya mwembamba wa taa ya gia huru ambao katika pikipiki nyingi hupita karibu na hapo. Pakishakuwa safi, tazama nyuma ya sproketi. Ukiona oili mbichi inachuruzika kuzunguka shafti, sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, imekwisha na inafaa ibadilishwe katika kazi hii hii.

Sproketi hufungwa kwa mojawapo ya njia mbili. Iliyozoeleka zaidi ni kibati chembamba kinachoshikwa na bolti mbili ndogo. Njia nyingine ni nati moja kubwa yenye washa iliyokunjwa ukingo ili kuizuia, na hiyo hukunjuliwa kwanza kwa bisibisi na nyundo ndogo. Katika njia zote mbili, legeza bolti au nati wakati cheni bado imefungwa: tia gia ya kwanza na umwombe mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, ili shafti isizunguke. Ukitangulia kutoa cheni, hutakuwa na kitu cha kuishikilia sproketi, na ndipo watu huanza kuipigia nyundo.

Kisha legeza nati ya ekseli na bolti za kurekebishia cheni zilizo pande zote mbili, usukume gurudumu mbele ili cheni ilegee. Mara nyingi hilo latosha kuichomoa sproketi pamoja na cheni yake. Ikiwa halitoshi, zungusha gurudumu hadi loki ya cheni, yaani kile kiungo kinachofunguka na kushikwa na klipu, ifike juu ya sproketi ya nyuma, uisukume klipu kwa koleo, na utoe loki. Pale nyuma meno hushikilia ncha zote mbili za cheni zisiachane, na kazi ya kuziunganisha tena huwa nyepesi. Sasa toa zile bolti mbili, na ukizungushe kile kibati kidogo mpaka meno yake ya ndani yalingane na mifereji ya shafti. Kitateleza na kutoka. Wengi hukwama hapa, wakidhani kimeshikwa na kutu, kumbe kimekaa kwenye mfereji wa mduara na hakitoki kwa kuvutwa moja kwa moja.

Futa shafti, kisha ukague mifereji yake kwa ukucha: kingo ziwe wazi, zisiwe zimeviringika. Ishike shafti na uitikise juu na chini. Ikicheza kwa kiasi kinachoonekana, beringi inadai kuangaliwa na fundi. Paka grisi nyembamba kwenye mifereji, uingize sproketi mpya upande uleule uliokuwa wa zamani, hasa ikiwa ina shingo upande mmoja, kwa sababu ikigeuzwa cheni haitakuwa katika mstari mmoja na sproketi ya nyuma. Rudisha kibati, ukizungushe kishikike, utie bolti kwa vidole kwanza. Bolti hizi za milimita 6 hazihitaji nguvu nyingi: nyutoni mita 10 hivi zinatosha, nayo ni nguvu ya kiganja kwenye spana fupi, si ya kuning'inia. Kaza tena kwa kutumia breki kama ulivyolegeza.

Ukifunga loki, weka klipu mpya ikiwezekana, na upande wake uliofumbwa uelekee kule cheni inakokwenda. Cheni ya juu huenda mbele na ya chini hurudi nyuma. Ukiikosea klipu, jiwe dogo au kijiti kinaweza kuifungua njiani.

Ulegevu wa cheni ndio hukosewa zaidi. Kijana wa jirani yangu anayefanya bodaboda ya Ganda aliniletea pikipiki yake akaniambia kwa furaha, “Mjomba, nimeikaza hadi haichezi kabisa.” Nilimpandisha juu ya kiti pamoja na mwenzake, kisha nikamwonyesha jinsi cheni ilivyozidi kukakamaa kama uzi wa jarife, kwa sababu gurudumu linaposhuka na kupanda, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na cheni isiyo na nafasi huvuta beringi na sili ya shafti kila mara linapopita shimo. Cheni ichezeke katikati kwa milimita 20 hadi 30, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyoeleza, na upime katika sehemu kadhaa huku ukizungusha gurudumu, ukifuata ile iliyokaza zaidi. Ikiwa umeongeza jino moja, gurudumu litasogea mbele kwa kama milimita 3. Ikiwa umepunguza, litarudi nyuma kiasi hicho hicho. Alama za pande zote mbili zilingane, lakini chuchumaa nyuma pia, uitazame cheni kwa jicho moja kwa urefu wake wote, maana alama za viwandani si sahihi siku zote.

Kaza nati ya ekseli, urudishe pini inayoizuia isifunguke, na urekebishe breki ya nyuma, kwani gurudumu likishasogezwa fimbo ya breki haiko tena katika kipimo chake. Rudisha kava na pedali. Jaribu pikipiki polepole mtaani ukisikiliza, na baada ya siku mbili tatu za kazi fungua kava tena uhakikishe bolti hazijalegea na ulegevu wa cheni haujabadilika. Mimi huandika kwa rangi nyeupe ndani ya kava idadi ya meno, tarehe, na kilomita zilizosomeka siku hiyo, ili atakayeifungua baada yangu asikisie.