Tochi ya mama ya umeme ukikatika

Ukimnunulia mama tochi ya kuweka nyumbani, usivutwe na namba kubwa ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, kwenye boksi. Lumeni 20 hadi 50 zinamtosha kabisa kutoka chumbani hadi chooni, na betri zitadumu usiku nyingi. Tafuta yenye swichi moja: bonyeza inawaka, bonyeza inazima. Zile zinazopitia kumetameta kwanza ndipo zizime humchosha, ataiacha kabatini. Mimi huchukua ya betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, maana duka la mtaani halizikosi. Zikiisha, zitoe siku hiyohiyo. Zikivuja, ule unga mweupe hula springi ya ndani na tochi haiwaki tena.