Mkate wa chachu ya asili kwenye sufuria ya chuma, kwa joto la Mwanza na jiko la mkaa

Wiki mbili zilizopita wifi yangu wa Nyegezi alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. Mkate wake wa nne ulikuwa umetoka bapa kama chapati nene, na ndani unanata kwenye kisu. Alikuwa amefuata video ya mwokaji wa Ulaya neno kwa neno. Jumamosi nikaenda kwake, tukashinda uani kutwa, na jioni tukala mkate wenye ganda linalovunjika kwa mlio na ndani matundu mazuri. Kosa lake ni lile lile lililonipotezea mimi karibu miezi miwili na unga mwingi, nalo liko hatua ya tatu. Mwenye haraka aanzie huko.

Vipimo vya mkate mmoja: unga mweupe wa ngano gramu 450, unga wa atta gramu 50, maji gramu 330, chachu iliyochangamka gramu 75, chumvi gramu 10. Pima kwa mizani, maji pia. Kikombe hakifai kabisa kwa kazi hii, kwa sababu unga ulioshindiliwa na unga uliochekechwa havina uzito mmoja hata vikijaa kikombe kile kile. Soma pakiti ya unga: unaosema protini gramu 11 au 12 kwa kila gramu 100 ndio wa kununua. Unga uliokwisha kutiwa baking powder usiuguse.

Sufuria iwe ya chuma cha kusubu, kile kizito cheusi, yenye mfuniko unaokaa vizuri. Chuma hicho hupata moto polepole lakini kikishaupata hakiuachii upesi, na mfuniko wake mzito huzuia mvuke wa mkate usitoke. Sufuria ya alumini sikushauri, maana ukiipasha ikiwa tupu kwa muda mrefu hupinda. Yangu nilinunua ya mtumba ikiwa na kutu, nikaisugua kwa mchanga, nikaikausha motoni, nikaipaka mafuta ya alizeti kidogo sana na kuichoma mpaka ikawa nyeusi. Usiiloweke majini kamwe.

Hatua ya kwanza: chachu

Changanya gramu 50 za atta na gramu 50 za maji kwenye chupa ya kioo, funika bila kukaza. Kila siku bakiza gramu 50 za mchanganyiko, mengine toa, kisha ongeza gramu 50 za unga na 50 za maji. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaache wazi usiku kucha kwanza.

Siku ya pili au ya tatu itafura kwa fujo na utashangilia. Bado. Hao ni bakteria waliotangulia, na harufu yake haipendezi. Kisha hunyamaza siku mbili tatu, na hapo ndipo wengi humwaga wakidhani imekufa. Endelea kuilisha. Asidi inapoongezeka bakteria wale hushindwa, na hamira ya asili iliyokuwa kwenye unga hupata nafasi. Kwa joto letu, siku ya saba hadi ya kumi inapanda maradufu kila ukiilisha, na harufu inakuwa ya uchachu safi. Aliyekulia nyumba inayotengeneza togwa ataitambua kwa pua tu.

Siku ya kuoka, chukua gramu 25 za chachu, unga gramu 50, maji gramu 50. Itafika kileleni baada ya masaa manne au matano. Itumie ikiwa juu, kabla haijaanza kuzama. Jaribio la kudondosha kijiko cha chachu majini kuona kama inaelea silitumii; chachu nzuri yenye atta huweza kuzama.

Hatua ya pili: kuchanganya

Changanya vyote isipokuwa chumvi, pumzisha dakika 30, tia chumvi, kanda kidogo. Kisha kila nusu saa lowesha mkono, vuta ukingo wa donge na ulikunjie katikati, pande zote nne. Mara tatu zinatosha.

Hatua ya tatu: kuumuka

Video ya wifi ilisema acha donge mezani masaa tisa. Aliyesema hivyo hakukosea, ila jikoni kwake huenda ni nyuzi 20. Sisi mchana ndani ya nyumba yenye paa la bati ni nyuzi 27 au 28, wakati mwingine zaidi. Nyuzi chache hizo zinaikimbiza hamira mno, na bakteria wa asidi wanakwenda nayo. Muda ukizidi, asidi na vimeng'enya vya unga hukatakata ule utando unaoshika hewa. Donge linalegea, hewa inatoka, na hakuna moto utakaoliinua tena. Wifi alidhani chachu yake ni dhaifu, akawa anaongeza muda, hivyo kila mkate ukawa mbaya kuliko uliotangulia. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na nikawa nabadilisha unga kila wiki nikiulaumu bure.

Saa ya ukutani iache. Mara tu unapomaliza kutia chumvi, kata kipande kidogo cha donge, kishindilie ndani ya glasi iliyonyooka, funga rababendi usawa wa donge. Weka glasi ubavuni mwa bakuli. Kipande kikipanda kwa nusu ya kimo chake, yaani kutoka sentimita 4 kufika 6, donge lako tayari. Usisubiri liongezeke maradufu. Donge lenye joto halisimami unapoamua. Linaendelea kuumuka wakati unaliunda na hata likiwa limeingia kwenye friji. Mwezi Juni na Julai, usiku unapokuwa na ubaridi na jikoni ni nyuzi 23 hivi, naliacha lipande hadi robo tatu.

Glasi ina hila yake. Ni ndogo, kwa hiyo hupata joto upesi kuliko bakuli. Ikikaa karibu na dirisha lenye jua au jiko la maharage, itakwambia donge tayari wakati bado. Kwa hiyo angalia na bakuli lenyewe: uso umetuna, viputo vimeonekana pembeni, na ukilitikisa linacheza kama maziwa mgando. Uso ukiwa umelala, donge linakufuata vidoleni kama gundi na harufu imekuwa ya siki, umechelewa. Usilitupe, limwage kwenye karai lililopakwa mafuta uoke mkate bapa, utaliwa na chai.

Kwa vipimo nilivyotoa, kwangu huchukua kama masaa matano tangu chachu iingie. Ndiyo maana chachu ni gramu 75 badala ya 100 za mapishi mengi. Siku ya joto kali nakandia maji ya mtungi. Udongo wake unavuja jasho, jasho likikauka linachukua joto, na maji ndani yanabaki baridi kuliko hewa. Donge likianza baridi, nakuwa na nafasi ya kwenda Kirumba sokoni na kurudi.

Hatua ya nne: kuunda

Livingirishe kwa mvuto mpaka ngozi ikaze. Liweke kichwa chini kwenye bakuli lenye kitambaa kilichonyunyizwa unga wa mchele. Unga wa ngano hunata. Friji masaa 8 hadi 12. Umeme ukikatika, au huna friji, mezani dakika 45 hadi saa moja, kisha moto.

Hatua ya tano: moto

Mwenye oveni: pasha sufuria na mfuniko wake nyuzi 240 kwa dakika 45, oka dakika 25 umefunika na 20 umefunua. Mimi napenda mkaa. Umeme haunisumbui, na ganda linatoka zuri.

Fanya kazi uani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, kwa hewa isiyo na rangi wala harufu.

Washa mkaa wa kutosha mpaka uwe na majivu meupe. Theluthi moja iwe chini, imepangwa duara ukingoni, isirundikane katikati, la sivyo kitako cha mkate kitaungua. Theluthi mbili zipalie juu ya mfuniko. Baada ya dakika 30 nyunyiza unga kidogo ndani ya sufuria. Ukigeuka kahawia huku unahesabu taratibu, ingiza mkate. Ukiwa mweusi papo hapo, punguza mkaa wa chini.

Tandika karatasi ya kuokea, nyunyiza unga wa dona, pindua donge juu yake, lichanje kwa wembe mpya mara moja kwa kina cha sentimita moja, literemshe ndani ukishika karatasi. Funika, palia, usifunue dakika 25. Mvuke uliofungiwa ndio unaoacha ngozi laini ili mkate upande.

Baadaye mvuke lazima utoke, lakini mfuniko ndio wenye moto wa juu, huwezi kuuondoa. Ninaweka nati tatu za chuma kwenye ukingo wa sufuria na kuurudisha mfuniko juu yake. Mvuke unatoka, moto unabaki. Toa karibu mkaa wote wa chini, ongeza mpya juu, dakika 15 hadi 20.

Wenye kipimajoto wajue hili: Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mapishi yanayodai ndani ya mkate pafike 98 yatakukaushia bure. Ukisoma 94 au 95, epua. Bila kipimajoto, gonga kitako. Ulioiva hulia kama ngoma.

Hatua ya sita: kupoa

Masaa mawili juu ya waya au ungo. Ukikata ukiwa wa moto, ndani patanata hata kama umeiva. Chachu iliyobaki ilishe, iache saa moja mezani, kisha irudishe friji. Itakaa wiki bila kulishwa.