Uchovu usiokwisha: tuanzie wapi na mgonjwa?

Mgonjwa akilalamika wiki nne mfululizo kwamba mwili hauna nguvu, usikimbilie vidonge vya damu (madini ya chuma). Kwetu Lamu, kipimo kilichosahauliwa ni nauli nyingine ya boti kutoka Faza au Kizingitini, kwa hivyo, wahudumu wenzangu, fuateni mpangilio.

Hatua ya 1. Uchovu gani? Muulize, kisha nyamaza aeleze. Anayesinzia mchana, uliza kukoroma, miraa na saa za kulala. Anayetweta akipanda ngazi za nyumba yake, fikiria damu, moyo au mapafu. Asiyeweza kuinuka kitini bila kujishika, misuli imelegea kweli. Asiyetamani hata alichokipenda, huenda ni sonona.

Hatua ya 2. Dawa. Alete mfuko wote. Vidonge vya mafua na mzio husinziza. Atenololi hupunguza mapigo ya moyo.

Hatua ya 3. Mwili. Mapigo, presha, uzito, shingo, wengu, miguu. Viganja na kucha zenye hina au piko havisomeki, basi vuta kope ya chini na utazame ulimi. Hata visipokuwa vyeupe, pima damu. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku au kukonda: tuma makohozi yapimwe kifua kikuu. Maumivu ya kifua, kutweta akiwa amekaa, choo cheusi kama lami: rufaa siku hiyohiyo.

Hatua ya 4. Vipimo. Picha kamili ya damu, malaria, sukari, mkojo, VVU, kreatinini (kipimo cha figo), tezi ya shingo. Na mimba, hata kama anakana. Sukari ya kabla ya kula ikifika milimoli 7 kwa lita, rudia siku nyingine kabla ya kumwita mgonjwa wa kisukari.

Himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ni pungufu ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke, 11 kwa mjamzito (10.5 miezi ya kati).

Hatua ya 5. Damu inaenda wapi? Hapa ndipo wengi tunakosea: tunajaza mtungi unaovuja. Uliza hedhi kwa hesabu: pedi ngapi, mabonge, anaamka usiku kubadilisha? Uliza kwenda peku (minyoo ya safura), damu mwishoni mwa mkojo (kichocho), na dawa za maumivu za kila siku, maana huchubua tumbo. Mwanamume, au mama aliyekoma hedhi, akipungukiwa madini ya chuma, tumbo na utumbo vichunguzwe kwa kamera.

Maswali ya wanachama

*Nimempa vidonge mwezi mzima, damu haipandi.*
Kwanza, anameza kweli? Pili, chai. Ikae mbali na kidonge kwa saa mbili; ameze kwa maji ya ndimu. Himoglobini ingepanda takriban gramu 2 kwa wiki nne. Damu ikisharudi sawa, aendelee na vidonge miezi mitatu. Kama chembe nyekundu ni ndogo lakini ferritini (akiba ya chuma mwilini) ni nzuri, fikiria thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, imejaa pwani hii; hapo chuma hakisaidii.

*Ferritini ni mikrogramu 40 kwa lita na ana homa. Si inatosha?*
Hapana, dada. Maambukizi huipandisha. Kwa mtu mzima mwenye maambukizi, chini ya 70 bado ni upungufu.

*Vipimo vyote safi?*
Mtoe mume au mkwe chumbani, kisha uulize: wiki mbili hizi umekuwa na huzuni, au kukosa hamu ya mambo? Mpe tarehe ya kurudi baada ya wiki nne, na umpime uzito tena.