Kuendesha V 60 yadini bila kuunguza oili ya giaboksi

V 60 ni kichwa cha treni cha Ujerumani cha kupangia mabehewa na kuvuta treni fupi za mizigo. Vilitengenezwa kuanzia 1955 hadi 1964, zaidi ya 900. Injini yake ya dizeli ina nguvu za farasi 650, uzito ni tani 48 au 53 kutegemea toleo, na ekseli zake tatu zimefungwa pamoja kwa vyuma vya pembeni. Hakina klachi wala mota za umeme magurudumuni. Kazi yote inapita kwenye oili.

Ndani ya giaboksi kuna konvata. Gurudumu moja lenye mapanga linazungushwa na injini na kurusha oili. La pili linapokea oili hiyo na kuzungusha magurudumu ya kichwa. Kati yao kuna mapanga yaliyosimama yanayogeuza mkondo. Kuanza kuvuta ni kujaza konvata oili, kuacha kuvuta ni kuimwaga. Faida yake ni kwamba injini haizimiki hata magurudumu yakigoma kabisa. Hatari iko hapo hapo: magurudumu yakigoma, nguvu zote za injini zinageuka joto ndani ya oili. Kwa hiyo geji ya joto la oili ya giaboksi iangalie mara nyingi kuliko ile ya mwendo.

Kabla ya kuwasha, funga breki ya mkono. Pima oili ya injini, maji ya rejeta na dizeli, kisha fungua koki za chini za matangi ya upepo ili maji yatoke. Gusa mchanga kwenye masanduku yake, ule unaomwagwa relini magurudumu yasiteleze. Ukishikana kama sukari iliyolowa, hautateremka siku unapouhitaji. Tazama pia kama vyuma vya pembeni vimepata mafuta ya kutosha.

Oili ya giaboksi ndiyo inayokosewa zaidi. Usiipime konvata ikiwa imejaa, kwa sababu sehemu kubwa ya oili imo ndani yake na kiwango kitaonekana kimeshuka. Ukiongeza hapo, konvata ikimwagwa oili itazidi, gia zitaikoroga, itatoa povu, na povu halisukumi kitu wala halipozi. Fuata kitabu cha giaboksi, ongeza kidogo kidogo. Ipake kidoleni: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imepikwa, ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingiliwa na maji, na mshukiwa wa kwanza ni kipoza oili, pale maji ya rejeta na oili vinapopishana. Usiondoke na oili ya namna hiyo hata kwa safari moja.

Washa injini mkono wa nguvu ukiwa sifuri na mkono wa mwelekeo ukiwa katikati. Subiri presha ya oili ya injini ipande, kisha acha injini iungurume taratibu ipate moto. Kuidai nguvu zote ikiwa baridi ni kuila maisha. Bomba la breki la treni lifike bar 5 kabla hujagusa behewa lolote.

Kuna gia mbili: ya yadi, mwisho kilomita 30 kwa saa, na ya safari, mwisho 60. Gia hizi na mwelekeo hubadilishwa kichwa kikiwa kimesimama kabisa, si karibu kusimama. Hapa ni meno ya chuma yanayoingiliana, hakuna oili ya kulainisha pupa yako. Wakati mwingine meno hugongana ncha kwa ncha na taa ya kuthibitisha haiwaki. Usilazimishe. Rudisha katikati, acha shafti ijisogeze kidogo, jaribu tena. Anayebadilisha kichwa kikiwa bado kinatambaa anazila kona za meno, na baada ya miezi gia itaanza kuruka yenyewe chini ya mzigo.

Kuondoka: achia breki, peleka mkono wa nguvu hatua ya kwanza, kisha tulia. Konvata inahitaji sekunde chache kujaa. Wengi huona kichwa hakijasogea, wakaongeza hatua mbili zaidi. Oili ikifika, kichwa kinaruka na kulabu zinapigwa. Ngoja bafa (visukumio vya kupokea kishindo kati ya mabehewa) ziachane na kulabu zikaze, ndipo uongeze. Mlimani usikishikilie kichwa kwa nguvu ya injini huku kimesimama. Hiyo ni kazi ya breki.

Injini ikiunguruma na kichwa kisiende, soma joto la oili. Likipanda haraka, konvata imejaa na kuna kitu kimezuia: breki ya mkono imesahaulika, breki za mabehewa hazijaachia, au kuna kabari kwenye reli. Rudisha sifuri mara moja. Lisipopanda, konvata haijajaa: meno hayajaingia na kinga imezuia, upepo wa mitambo ya kuongozea uko chini, oili imepungua, au vali ya kujazia imekwama. Kagua kwa mpangilio huo, kuanzia kilicho rahisi. Kichwa kikivuta vizuri lakini joto likipanda polepole siku nzima, angalia feni ya rejeta na uchafu kati ya mapezi yake.

Kikitakiwa kuvutwa kimezimwa, toa gia, hakikisha kwa macho kwamba meno yameachana, na funga mkono wa gia usirudi. Kikivutwa gia ikiwa ndani, magurudumu yanazungusha giaboksi, na pampu inayoendeshwa na injini haipeleki oili kwenye beringi.

Baada ya kazi nzito usizime papo hapo. Acha injini iungurume dakika tano hivi huku konvata ikiwa tupu, maji yaendelee kubeba joto kutoka kwenye kipoza oili hadi mshale ushuke. Kisha zima, funga breki ya mkono, weka kabari.